Kata kwanza kwenye kompyuta: mwongozo kwa mkataji wa vito wa Isangi

Almasi ya Tshopo hupita Kisangani ikiwa ghafi. Inatoka kwa wachimbaji wa Bafwasende, Banalia na kwingineko, inafika kwenye kontuari za wanunuzi zenye kuta zilizochorwa almasi kubwa za rangi ya samawati, inapimwa, inapata karatasi za CEEC, ofisi ya serikali inayothamini na kuidhinisha mawe, halafu inaondoka. Jiwe litakuwa na nyuso ngapi, kila uso utainama kwa pembe gani, meza yake itakuwa pana kiasi gani: hayo yote yanaamuliwa Antwerp, Surat au Dubai, na watu ambao hawajawahi kuuona mto Lomami ukiingia mto Kongo. Imekuwa hivyo tangu almasi ya kwanza ya nchi yetu ilipookotwa upande wa Tshikapa mwaka 1907, na ruhusa ya watu binafsi kuchimba na kuuza, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikubadilisha jambo hilo.

Sehemu moja ya kazi hiyo ya mbali inaweza kujifunzwa Isangi leo. Kuchora mkato wa jiwe na kuujaribu kwa nuru hakuhitaji jiwe, wala mashine, wala umeme wa SNEL. Kunahitaji kompyuta mpakato ya kawaida, hata iliyozeeka, paneli moja ya jua ya kuichaji, na uvumilivu. Faili la mchoro mmoja wa kito ni dogo sana, maandishi matupu ya kilobaiti chache. Unaweza kulipokea kwa Bluetooth kutoka kwa mtu aliyeshuka na mashua ya baleinière jioni, ukaanza kazi usiku uleule.

Usianze na almasi. Kwanza kuna sheria: jiwe ghafi la almasi linatakiwa lipite kwa mchimbaji mwenye kadi, mfanyabiashara mwenye kadi na kontuari iliyosajiliwa, na tangu 2003 halivuki mpaka bila cheti cha Mfumo wa Kimberley. Pili, almasi hukatwa kwa namna yake, kwenye sahani ya chuma iliyopakwa unga wa almasi, kwa kufuata mwelekeo wa fuwele. Ina programu zake pia, kama DiamCalc ya kampuni ya OctoNus. Anza na kwatzi, ambayo ni rahisi na haimuumizi mtu ikiharibika, halafu nenda kwenye turmalini za Kivu. Ukilijua jiwe la rangi vizuri, hesabu za almasi hazitakutisha.

Nuru inavyokwenda ndani ya jiwe

Usifungue programu kabla ya kuelewa jambo hili, kwa sababu kila namba utakayoisoma kwenye skrini inatokana nalo.

Nuru ikiingia kwenye jiwe inapinda. Kila aina ya jiwe ina namba yake ya mpindo: kwatzi ni karibu 1.55, turmalini 1.62 hadi 1.64, tanzanite 1.69, garneti ya kijani ya Tsavo 1.74, rubi na safiri 1.76, almasi 2.42. Ukigawa 1 kwa namba hiyo, kisha ukatafuta pembe ambayo sini yake ni jibu ulilopata, unapata pembe kikomo ya jiwe. Kwa kwatzi ni digrii 40.2, kwa turmalini ya 1.62 ni 38.1, kwa safiri 34.6, kwa almasi 24.4 tu. Mwale unaogonga uso kwa pembe kubwa kuliko kikomo unarudishwa wote ndani, kama umegonga kioo. Ukigonga kwa pembe ndogo kuliko hiyo, sehemu kubwa yake inatoka upande wa pili na kupotea.

Sasa chukua mwale unaoshuka wima kupitia meza ya jiwe, yaani uso wake bapa wa juu. Kama uso wa chini umekatwa kwa digrii 43 kutoka usawa wa mkanda, yaani mzingo wa katikati wa jiwe, mwale unaugonga kwa digrii 43 hizohizo. Kwenye kwatzi hiyo imepita 40.2, basi unarudi, unakwenda upande wa pili, na unagonga uso mwingine kwa digrii 180 toa 43 mara tatu, yaani 51. Hapo nako unarudi, unapanda juu, unatoka na kufika kwenye jicho la mnunuzi. Kwatzi hiyohiyo ukiikata kwa digrii 38, mwale unatoka chini mara ya kwanza: ukiliweka jiwe juu ya gazeti utasoma herufi kupitia katikati yake. Wakataji wanaliita dirisha, nalo linashusha bei mara moja. Ukienda upande mwingine, ukakata kwa digrii 48, mwale unarudi vizuri mara ya kwanza lakini unagonga uso wa pili kwa digrii 36 na kutoka. Jiwe linakuwa na giza katikati.

Kwa hiyo kila jiwe lina nafasi yake. Kwa mwale huo wa wima, kwatzi inaruhusu kuanzia digrii 40.2 hadi 46.6, turmalini kuanzia 38.1 hadi 47.3, safiri kuanzia 34.6 hadi 48.5, almasi kuanzia 24.4 hadi 51.9. Tazama jinsi nafasi ya kwatzi ilivyo nyembamba na ya almasi ilivyo pana. Ndiyo maana nasema kwatzi ni mwalimu: inakudai umakini ambao jiwe la bei kubwa lingekusamehe.

Hesabu ya namna hii ndiyo aliyoifanya Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp, katika kitabu alichokitoa London mwaka 1919. Alitumia kalamu na trigonometria, akafika kwenye digrii 40.75 kwa chini, 34.5 kwa taji, yaani sehemu iliyo juu ya mkanda, na meza ya asilimia 53 ya upana wa jiwe. Aliifuata miale michache tu kwenye karatasi. Kompyuta yako itafuata maelfu, kwenye nyuso zote kwa pamoja, jiwe likiwa limelala sawa au limeinamishwa. Kazi ni ileile.

Programu zenyewe

GemCad, iliyotengenezwa na Mmarekani Robert Strickland, ndiyo lugha ya pamoja ya wachoraji wa vito. Ni nyepesi, na michoro mingi inayozunguka duniani imeandikwa kwa mtindo wa faili zake. Mwenzake ni GemRay, inayochukua mchoro na kuumulika: unaiambia namba ya mpindo ya jiwe, nayo inakuonyesha jiwe litakavyong'aa na kukupa asilimia ya nuru inayorudi. Gem Cut Studio ni ya karibuni zaidi. Inasoma faili za GemCad na inaonyesha jiwe likimulikwa papo hapo unapobadilisha pembe, lakini inataka kompyuta yenye nguvu kidogo na inakula betri. Kwa mtu anayetegemea jua, ushauri wangu ni GemCad na GemRay kwanza. Kazi ya kuchora ifanye wakati wowote. Kazi ya kumulika, ambayo inachosha kichakataji, iache saa za mchana paneli inapojaza betri.

Kabla ya kuchora mstari wowote, iambie programu gurudumu la meno lililoko kwenye mashine utakayotumia. Mashine nyingi huja na meno 96. Namba 96 inagawanyika kwa 3, 4, 6, 8, 12 na 16, lakini haigawanyiki kwa 5 wala 7. Ukichora nyota ya pembe tano nzuri kwenye skrini kwa gurudumu la 80, halafu fundi utakayempelekea ana la 96 peke yake, mchoro wako hauwezi kukatwa. Muulize kwanza.

Sasa chora mkato wa mviringo wa kawaida, ule wenye nyuso 57, kwa ajili ya kwatzi. Weka meno 96, ulinganifu wa mara 8, na kioo kiwashwe ili upande mmoja uige mwingine. Zungusha mkanda kwa digrii 90 kwenye meno 3, 9, 15, 21 na kuendelea hadi 93: nyuso 16. Geukia chini, ukate nyuso ndogo za karibu na mkanda kwa digrii 45 kwenye meno hayohayo. Halafu nyuso kuu nane kwa digrii 43, kwenye 96, 12, 24, 36, 48, 60, 72 na 84, uzishushe mpaka ncha zake ziguse mkanda pale nyuso ndogo zinapokutana. Hapo programu inakufundisha jambo ambalo mkono ungechukua muda mrefu kulielewa: uso unasimama pale unapokutana na pembe ya wenzake, na mahali hapo hapahitaji kupimwa kwa kipimo chochote, jicho linatosha. Robert Long na Norman Steele waliijenga njia hii ya kukutanisha nyuso kuwa utaratibu kamili, na mchoro wowote mzuri unaifuata. Mchoro unaokutaka uache uso “karibu na hapa” bila kukutana na kitu, ukatae.

Taji ni hivyohivyo: nyuso ndogo za mkanda kwanza, nyuso kuu nane kwenye meno ya 96 na wenzake, halafu nyota nane kwenye 6, 18, 30, 42, 54, 66, 78 na 90, kisha meza. Anza na taji la digrii 35 kwa nyuso kuu, utazame linavyokaa.

Kuhama kutoka jiwe moja hadi jingine

Mchoro uliochorwa kwa kwatzi usiukate kwenye turmalini bila kuurekebisha. Kupunguza digrii 2 kwenye kila uso si sahihi, kwa sababu sehemu za kukutana zitahama na nyuso hazitafungana tena. Kinachohifadhi umbo ni kuzidisha tanjenti ya kila pembe kwa namba moja. Tuseme nyuso kuu za chini zinatoka 43 kwenda 41. Tanjenti ya 43 ni 0.9325, ya 41 ni 0.8693, uwiano wake ni 0.932. Nyuso ndogo zilikuwa 45, tanjenti yake ni 1, basi mpya ni pembe yenye tanjenti 0.932, yaani karibu digrii 43. Hapa tofauti imetokea kuwa karibu 2 kwa sababu pembe hizo mbili zinakaribiana; zikiwa mbali, haitakuwa hivyo. GemCad inafanya hesabu hii yenyewe, lakini ifanye mara moja kwa mkono ili uiamini. Taji lina uwiano wake peke yake. Usilichanganye na sehemu ya chini.

Kutafuta pembe bora

Hapa ndipo wengi wanapotea, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Badilisha pembe ya nyuso kuu za chini kwa nusu digrii kila mara, kuanzia digrii moja juu ya kikomo cha jiwe hadi digrii sita juu yake, na kila mara umulike kwenye GemRay. Andika matokeo kwenye daftari. Programu inakupa vipimo zaidi ya kimoja. Kile kinachoitwa ISO kinadhani nuru inatoka sawasawa kila upande wa mbingu; kile cha COS kinaipa uzito nuru ya juu kuliko ya pembeni. Kuna pia kivuli cha kichwa: mtu anapotazama jiwe, kichwa chake mwenyewe kinazuia nuru ya juu kabisa, na mchoro unaotegemea nuru hiyo tu unakuwa mweusi mkononi mwake hata kama ISO yake ni nzuri. Andika vyote.

Utakuta namba inapanda, inafika juu, inashuka. Usiikimbilie ile ya juu kabisa. Tazama umbo la mpando wenyewe. Mchoro mmoja unaweza kufika asilimia 90 kwa pembe moja tu na kuanguka hadi 75 ukikosea nusu digrii. Mwingine unafika 85 na kukaa hapohapo kwa digrii mbili nzima. Chagua wa pili. Mashine utakayopata, hasa ya bei nafuu au iliyopita mikono mingi, kipimo chake cha pembe kinaweza kuwa kimepotoka kwa nusu digrii bila mtu kujua, na tofauti ya asilimia chache kwenye skrini hakuna jicho la mnunuzi linaloiona. Mchoro unaovumilia makosa ya mashine utatoa jiwe zuri Isangi. Ule mkali utatoa jiwe zuri kwenye kompyuta tu.

Baada ya chini, shughulikia taji namna hiyohiyo, halafu rudi chini tena, kwa sababu viwili hivyo vinaathiriana. Kisha liinamishe jiwe kwenye skrini digrii 10 na digrii 20. Dirisha ambalo halikuonekana jiwe likiwa limelala sawa linaweza kujifungua linapoinama, na pete au hereni haikai wima siku zote. Kwa kwatzi hii ndiyo sababu ya kutokata karibu mno na 40.2, digrii 42 au 43 inakupa akiba.

Uzito, na shinikizo la mnunuzi

Chini ya kila mchoro GemCad inaandika namba za vipimo. Muhimu kwako ni ile ya ujazo ukigawanywa kwa upana mara tatu. Ukiwa nayo unajua uzito wa kito kabla hujagusa jiwe: zidisha namba hiyo kwa upana wa milimita mara tatu, zidisha kwa densiti ya jiwe, gawa kwa 200, unapata karati. Turmalini ya upana wa milimita 8, mchoro wenye namba 0.20, densiti 3.06: 8 mara 8 mara 8 ni 512, mara 0.20 ni 102.4, mara 3.06, gawa kwa 200, ni karati 1.57. Kama jiwe ghafi lilikuwa karati 6, umebaki na karibu asilimia 26, na hilo ni la kawaida. Wakataji wengi hubaki na kati ya robo na theluthi.

Pima pia kimo. Jumla ya kimo cha mchoro ikiwa 0.62 ya upana, jiwe la milimita 8 linahitaji karibu milimita 5 za jiwe safi, na juu yake nafasi ya kusaga na kung'arisha. Tumia kalipa kwenye jiwe ghafi, chora umbo lake kwenye karatasi kutoka pande tatu, uweke alama palipo na ufa. Ukikuta ufa unapita kwenye milimita 5 zako, badilisha umbo: la mviringo liwe la yai, la yai liwe la mstatili. Kubadilisha umbo kwenye kompyuta hakugharimu kitu.

Atakuja mtu akuambie uongeze chini jiwe liwe zito. Ukiongeza hadi namba ya 0.23, turmalini ileile ya milimita 8 inakuwa karati 1.80, na kwa bei ya kila karati hiyo inaonekana faida. Mwonyeshe picha mbili za GemRay pamoja, ile yenye giza katikati na ile inayong'aa. Mimi nashikilia kwamba mkataji wa Tshopo anayeanza leo, bila jina, atajulikana kwa nuru ya mawe yake, na kwamba uzito wa uongo ndio uliofanya mawe mengi ya Afrika yakatwe upya yakifika ng'ambo. Mawe ya namna hiyo yanalipwa kama ghafi.

Ambayo programu haiyaoni

GemRay inajua pembe na mpindo. Haijui kwamba turmalini ya kijani ya Kivu ni nyeusi ukiitazama kwa urefu wa fuwele na ni kijani safi ukiitazama kwa ubavu. Shika jiwe juani, lizungushe, uweke meza ubavuni mwa fuwele. Kwa jiwe lililofungika sana kwenye ncha, yaani lisilopitisha nuru upande huo, chora mstatili mrefu, na nyuso za chini za ncha mbili uzikate kwa mwinuko mkali, digrii 70 au zaidi, ili giza la ncha lisirudi juu na kuchafua kijani. ISO itashuka. Ikubali ishuke.

Jiwe lenye rangi nzito sana lifanye dogo na lisiwe na kimo kirefu, chini yake ikae karibu zaidi na kikomo, maana kila milimita ambayo nuru inapita inazidisha uzito wa rangi. Jiwe la rangi hafifu linataka kinyume chake. Na jiwe la milimita 4 usilipe nyuso 100 kwa sababu skrini inazionyesha vizuri. Zitakuwa vumbi la mwangaza, na mkono hautaweza kuzikutanisha.

Kutoka skrini hadi kwenye mashine

Mashine ya kukata ina maji na tope, kwa hiyo kompyuta isikae karibu nayo. Ukienda Kisangani, chapisha mchoro kwenye sekretaria: sura ya juu, ya chini, ya ubavu, na orodha ya nyuso kwa utaratibu wa kukata, kila moja na pembe yake, meno yake, na mahali inapokutana. Ifunike kwa plastiki. Usiukate mchoro wowote kwenye jiwe la thamani kabla ya kuukata mara moja kwenye kwatzi au kioo kinene. Kioo cha kawaida kina mpindo wa karibu 1.52 na kikomo cha digrii 41, hivyo urekebishe mchoro kwa tanjenti kabla ya kujaribu, la sivyo utaulaumu mchoro kwa kosa la pembe.

Kama unatafuta mahali pa kujifunza mkono wenyewe, Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha ukataji na utambuzi wa vito, na kozi zake zinatolewa katika nchi ya Kiswahili. Anayefika huko akiwa tayari anasoma mchoro wa GemCad, anajua kikomo cha kila jiwe na anaweza kuhesabu karati kabla ya kukata, amekwenda na nusu ya kazi.

Jiwe la kwanza likimalizika, lipime tena kwa kalipa: upana, kimo, uzito. Weka pembe halisi ulizokata kwenye programu badala ya zile ulizopanga, na umulike upya. Picha ya skrini na jiwe lililoko mkononi zikilingana, kipimo cha mashine yako ni cha kweli. Zisipolingana, badilisha pembe kwenye skrini kidogo kidogo mpaka picha ifanane na jiwe. Kiasi ulichobadilisha ndicho mashine yako inachokosea. Kiandike kwa kalamu kwenye mashine yenyewe, na ukitoe au ukiongeze kwenye kila mchoro utakaoukata hapo.